Ndoo ya Kilo Kumi

Watu wa Kafr Sumada walikuwa na majina mawili kwa Abla Insaf. Mbele yake walimwita Abla, kama anavyoitwa mwalimu yeyote wa kike. Akishapiga kona walimwita Abla Kinyaa, naye jina hilo alilijua na hakuliona baya. Alizaliwa mjini Tanta, akaolewa kijijini hapo, huu ukiwa mwaka wa kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuona sababu ya kuzoea. Nzi walimtia kinyaa. Mfereji, ambao upande huu watu waliosha sahani na upande ule bata walikunya, ulimtia kinyaa. Kilichomshinda kabisa ni ile jibini kongwe inayokaa mtungini mwaka mzima mpaka inapata funza. Majirani waliila kwa mkate na kitunguu, wakiwasukuma funza kando kwa kidole, na kumwambia kwamba funza wa jibini hutoka humo humo jibinini, kwa hiyo si uchafu wa mtu mwingine.

Akikaribishwa chai kwa watu, alitoa leso mkobani na kufuta mdomo wa glasi kabla ya kunywa. Alifuta bila kujificha, macho yakiwa kwa mwenye nyumba. Kwa Nawal, mjane aliyekaa nyumba ya mwisho kando ya mfereji, alifuta mara mbili.

Kitu kimoja tu cha kijiji hicho alikila kwa hamu, nacho ni samli ya mama mkwe wake, Hajati Tafida. Ilikuwa samli ya maziwa ya nyati wa kufugwa, nyeupe kama chokaa mpya, isiyo na harufu ya zizi. Kila asubuhi alikaangia mayai mawili na kufuta sahani kwa kipande cha mkate mpaka ikang'aa. Siku zile ambazo kijiji kizima kilimchefua, aliikumbuka samli hiyo na moyo ukatulia kidogo.

Shuleni alifundisha hesabu, kidato cha tatu cha wasichana, na huko pia alikuwa na kinyaa chake. Hakuchukia mwanafunzi asiyejua. Aliyemtia kinyaa ni yule anayebahatisha. Muhula ule walikuwa kwenye milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu sini na swadi, na Busaina, msichana mwepesi wa kidevu kirefu, alikuwa na tabia ya kujaribu namba moja baada ya nyingine hadi moja ikakubali. Jibu likawa sahihi, kazi hamna. Abla Insaf alimrudishia daftari akilishika kwa vidole viwili.

"Hili jibu umelilamba, hukulipika," akamwambia. "Limekuangukia mkononi kama kinyesi cha njiwa, nawe unacheka. Sikiliza. Huhitaji kuwajua wote wawili kwa mpigo. Shika mlinganyo ulio mwepesi, mlazimishe swadi akueleze yeye ni nani kwa maneno ya sini. Ukishapata hayo maneno, yapeleke kwenye mlinganyo wa pili uyaketishe pale alipokuwa swadi. Sasa amebaki mmoja peke yake, na mmoja hana pa kujificha."

Njia hiyo aliipenda kuliko zote kwa sababu ilikuwa safi. Hakuna kupapasa, hakuna kudhani. Laiti kijiji kingekwenda hivyo, alijiambia, angeishi humo miaka mia.

Sasa kuna jambo la maziwa. Nyumba tatu za uchochoro wao zilikuwa na nyati, lakini maziwa ya nyumba moja hayatoshi kusukwa kwenye kiriba cha ngozi yakaleta siagi ya maana. Kwa hiyo walipeana zamu. Wiki hii nyumba zote tatu hupeleka maziwa ya asubuhi kwa Hajati Tafida, wiki ya pili kwa Mama Shukri, wiki ya tatu kwa Nawal, kisha wanarudi mwanzo. Nyumba ya Hajati ilipeleka kilo kumi. Mama Shukri, mwenye nyati wawili, alitoa kumi na tano. Nawal alitoa tano, ndizo alizokuwa nazo. Yalipimwa kwa mizani ya kuning'iniza ili kila mtu arudishiwe sawa na alichotoa, na zaidi ya mizani hiyo hapakuwa na mlinzi. Bibi zao walipeana zamu hiyo kabla yao, na katika Kafr Sumada mtu angeweza kumwibia jirani bata akasamehewa, lakini kuchezea maziwa ya zamu ilikuwa aibu ya kurithisha wajukuu.

Wiki ile ilikuwa ya Mama Shukri. Siku ya kwanza alisuka kilo zake thelathini akapata kilo mbili tu za siagi. Siku ya pili, kilo mbili. Wiki iliyotangulia, kwa Hajati, maziwa yale yale thelathini yalitoa kilo mbili na gramu mia nne kila siku ya Mungu. Mama Shukri, mwanamke mnene mwenye hofu na kila aliyemzidi umri, alikuja na bakuli la siagi hiyo hadi uani kwa Hajati akaliweka chini bila kusema mengi.

Hajati aliitazama. Alikuwa na miaka sabini, mrefu, shungi lake jeupe wakati wote, na alikwisha kuhiji mara mbili. Akasema maji. Mtu ametia maji kwenye maziwa, na mtu huyo hatafutwi kwa tochi: nani ana nyati mmoja aliyekonda, na nani ana binti anayeolewa?

Insaf alikuwa amesimama mlangoni, akakubali papo hapo. Alikumbuka nyumba ya Nawal, kuku wakipanda mezani, kitambaa kile kile kikifuta uso wa nyati na masufuria, akahisi mate yakijaa kinywani. Bila shaka ni Nawal. Mwanamke anayekaa vile atakosaje kutia maji, tena maji ya mfereji ule? Na yeye alikwisha kunywa chai kwake! Jioni ile alisukutua kinywa mara tatu. Kesho yake alilisimulia shuleni kwa walimu wenzake kama jambo lililothibitishwa.

Ikapangwa kwamba Ijumaa, baada ya swala ya mchana, wanawake wakutane uani kwa Hajati, na Nawal aondolewe kwenye zamu. Kila mtu alijua maana yake. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya Nawal kuanza kupokea, na Alhamisi ya wiki iliyofuata binti yake, Ibtihal, alikuwa anaolewa kijiji cha jirani. Bi harusi anayeolewa huko haendi kwa mumewe bila mtungi wa samli ya kwao. Mtungi ukikosekana, mama mkwe atauliza mbele ya wageni, na atakaloambiwa ni kwamba kwao walitia maji kwenye maziwa. Msichana angeishi na maneno hayo mpaka azeeke.

Alhamisi, somo la pili, Abla Insaf aliandika maziwa ubaoni. Alitaka mfano ulio hai, na lazima tukiri kwamba alitaka pia kuonja ladha ya kuwa upande wa haki. Hakutaja jina. Alisema maziwa ya nyati na maji, jumla kilo thelathini. Kila kilo ya maziwa ya nyati hutoa gramu themanini za siagi, maji hayatoi kitu, na siagi iliyopatikana ni gramu elfu mbili. Sini ni maziwa, swadi ni maji.

Akajibu mwenyewe, kwa maana ilikuwa rahisi kuliko alivyotarajia. Elfu mbili kwa themanini, maziwa ni kilo ishirini na tano. Yaliyobaki, kilo tano, ni maji.

Chaki ikasimama.

Kilo tano ndiyo ndoo yote ya Nawal. Kama aliyetia maji ni Nawal, basi alileta ndoo ya maji matupu, akaitundika kwenye mizani mbele ya Mama Shukri, na Mama Shukri akaimimina kiribani bila kugutuka. Hilo haliwezekani hata kwa kipofu. Na Insaf mwenyewe, Jumanne, alifika kupeleka ndoo yao wakati ya Nawal inapimwa. Aliona povu, aliona utando wa malai uking'ang'ania ukingoni, akageuza uso kwa sababu ya harufu. Aliyaona kwa macho yake, kisha akaenda kusema ni maji.

"Abla," akasema Busaina kutoka nyuma, "kwani lazima yawe maji?"

"Unataka kulamba tena?"

"Hapana, Abla. Ila kwetu tukichanganya ya ng'ombe, siagi inapungua vilevile. Na kwenye mizani huoni kitu."

Abla Insaf alitaka kumkemea, lakini swali lilikuwa sahihi na kinyaa chake hakikupata pa kushika. Kilo moja ya maziwa ya ng'ombe hutoa siagi kiasi gani? Alijua. Tangu ng'ombe wao alipozaa baada ya Idi, hapakupita wiki Hajati asinung'unike nyumbani kwamba yule mnyama ni hasara, kilo kumi zake hazitoi hata nusu kilo ya siagi, gramu mia nne basi. Arobaini kwa kila kilo.

Akafuta, akaandika upya. Sini sasa ni maziwa ya nyati, swadi ni ya ng'ombe. Sini na swadi, thelathini. Themanini za sini na arobaini za swadi, elfu mbili. Akamwambia Busaina aje ubaoni aifanye kwa njia, hatua kwa hatua, asiruke. Busaina akaja. Swadi ni thelathini kasoro sini. Akayachukua maneno hayo akayaweka mahali pa swadi: themanini za sini, na arobaini mara thelathini kasoro sini. Arobaini mara thelathini, elfu moja na mia mbili. Themanini za sini ukiondoa arobaini za sini, zinabaki arobaini. Arobaini za sini ni mia nane. Sini, ishirini.

"Na swadi?" Abla aliuliza, ingawa hakutaka kuuliza.

"Kumi, Abla."

Wasichana wa ule uchochoro walitazamana, halafu wakainamia madaftari kwa bidii isiyo ya kawaida yao. Mwenye ng'ombe kwenye zamu ile alikuwa mmoja, na mwenye ndoo ya kilo kumi alikuwa mmoja. Abla Insaf akaufuta ubao kwa kiganja kitupu, yeye ambaye vumbi la chaki humfanya anawe kila saa. Mkono ule hakuunawa mpaka alipofika nyumbani.

Ndoo ile aliibeba nani? Yeye. Kila asubuhi kabla ya shule aliikuta mlangoni, imefunikwa kitambaa cheupe, akaibeba kwa mkono ulionyooka isiguse nguo yake, na mwaka mzima hakuwahi kuinua kitambaa kile kwa sababu maziwa mabichi yalimchefua. Zizini hakuingia kabisa. Angejuaje kwamba siku za zamu za wenzake maziwa ya nyati wao yalibakishwa ndani, na kilichotoka nje kilikuwa cha ng'ombe? Alijionea kinyaa. Alikuwa msafi kiasi cha kutoona uchafu aliokuwa akiubeba.

Ijumaa walikutana. Hajati alikaa juu ya benchi, Mama Shukri kwenye mkeka, Nawal akabaki wima karibu na mlango kama mtu asiyetaka kuacha alama. Alivaa baibui la msibani, pindo limekatika. Hajati alizungumza kwa upole wa kutisha: kwamba umasikini si dhambi, kwamba yeye hamtaji mtu, kwamba hata hivyo maziwa yana baraka na baraka ikitiwa maji huondoka katika nyumba zote. Kwa hiyo ni heri kila mmoja anywe chake. Mama Shukri aliitikia kwa kichwa akiwatazama kuku.

Nawal hakujitetea. Alisema tu kwamba ikiwa ndivyo walivyoamua, basi wamwache apokee wiki yake hii moja, kwa ajili ya mtungi wa msichana, kisha atajiondoa mwenyewe.

Hapo Insaf akasema hapana. Hakuinua sauti. Akasema kama aliyetia maji ni Nawal, basi ndoo yake nzima ilikuwa maji, na waliokuwepo waliona kwamba haikuwa. Akaeleza hesabu yote, polepole, kama anavyoeleza darasani, akihesabia kwenye vidole vyenye pete. Ishirini za nyati. Kumi za ng'ombe. Si kikombe, si chupa iliyomwagikia humo kwa bahati mbaya. Kilo kumi kamili, kila siku.

Hajati akamgeukia mkwe wake.

"Unanihesabia mimi, Insaf? Uani kwangu?"

"Nahesabu maziwa, mama."

"Maziwa ya nani? Nani kayabeba?"

"Mimi," alisema Insaf. "Nimeyabeba mimi."

Akamgeukia Mama Shukri akamuuliza siagi yake ilikuwa ya rangi gani. Mama Shukri alijikuna shingo. Ya nyati ni nyeupe, ya ng'ombe ni ya manjano. Hilo hata mtoto anayenyonya wa Kafr Sumada analijua, ila mwalimu wa kutoka Tanta asiyesogelea kiriba. Hatimaye akasema ilikuwa na umanjano. Tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana aliileta na bakuli lake.

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Abla? Nimwambie Hajati?" Mama Shukri alikuwa karibu kulia. "Yeye kasema maji, nikasema sawa, maji."

Nawal akacheka kidogo, kicheko kikavu. Akasema katika zamu yake iliyopita naye alipata kilo mbili mbili, za manjano, siku zote saba. Alibadilisha kiriba akidhani kimeoza. Kisha akaona, akafunga mdomo. Angemwambia nani?

Kwa hiyo wote walijua. Hesabu ile ambayo Insaf aliiona ni ugunduzi, uchochoro mzima ulikwisha kuijua kwa macho, wakameza, na walipotafuta mahali pa kuitemea wakamchagua mnyonge. Na yeye ndiye aliyetema wa kwanza, shuleni, mbele ya walimu. Ilimtia kichefuchefu kuliko mfereji.

Hajati Tafida hakukiri, na wala hakukana. Aliinuka, akakunja mkeka wake wa kuswalia, akasema kwamba ana watoto Cairo wanaomtegemea kwa samli na nyumba ina midomo. Mlangoni akageuka.

"Na wewe unayeona kinyaa kila kitu," akamwambia Insaf, "mayai yako asubuhi hii uliyakaangia nini? Ulidhani samli nyeupe hivyo inatoka wapi, wiki ambayo si yetu? Mbona uliilamba?"

Insaf alikwenda bombani akasukutua, akasukutua tena, lakini ladha ile ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomshinda. Mayai yalikuwa matamu. Angeapa mbele ya msahafu kwamba hajawahi kula samli safi kuliko ile.

Hakuna aliyesema tena habari ya kumwondoa Nawal. Mama Shukri alijivuta nje bila kuaga. Hapakuwa na kuombana radhi. Watu wa pale huacha mambo kama hayo yakauke yenyewe, kama kinyesi cha ng'ombe kinachobandikwa ukutani kiwe kuni.

Jumamosi alfajiri, jua halijapanda juu ya mitende, Abla Insaf aliingia zizini kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alijifunga kitambaa puani. Hajati alimwona kupitia dirisha na hakutoka. Nyati alikuwa mkubwa, mwenye matope mapajani na nzi machoni, na chuchu zake zilikuwa na joto ambalo Insaf hakulitarajia. Aliona kinyaa tangu mwanzo hadi mwisho, asiseme mtu kwamba alibadilika. Alitapika mate mara moja kando ya kihori. Mikono ilimuuma, nyati alimpiga kwa mkia usoni, na ilimchukua muda wa kutosha kumchelewesha shule. Lakini ndoo ilijaa, na safari hii aliibeba bila kitambaa, macho yakiwa ndani yake njia nzima, mpaka nyumba ya mwisho kando ya mfereji.

Nawal alikuwa na mizani tayari. Ibtihal, bi harusi, alikuwa amechuchumaa nyuma akiosha kiriba, asinyanyue kichwa. Mizani ikasoma kilo kumi.

Insaf alikuwa ameandaa maneno njiani. Alitaka kusema kwamba aliyoyasema shuleni atayarudisha mbele ya wale wale aliowaambia. Akaanza. Nawal alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mwalimu, akasema Mungu amlipe. Kisha akachovya kidole ndani ya maziwa, akakitazama kwenye mwanga, akaonja.

"Ya nyati," akasema.

Akaivuta ndoo kwake. Lakini kabla ya kumimina alichomoa kitambaa kilichokuwa begani mwake, akafuta ukingo wa ndoo pande zote, taratibu, mara mbili, macho yakiwa kwa Insaf.